Chombo Chenye Uhai: Aristotle, Karafuu za Pemba na Nyumba Zetu



Juma hili tunawaalika tuvuke bahari pamoja hadi kisiwani Pemba, katika shehia ya Wambaa, Wilaya ya Mkoani. Upande huo wa magharibi wa kisiwa ni nchi ya vilima na mabonde, yenye rutuba na mvua za kutosha, tofauti na upande wa mashariki ambako ardhi ni kavu na yenye mawe zaidi. Ndiyo sababu mkarafuu umestawi magharibi. Msimu ukiwadia, wachumaji hupanda mitini asubuhi na mapema, huvuta matawi na kuchuma vishada kabla maua hayajafunguka. Jioni watu huketi kutenga karafuu na makonyo, na kesho yake karafuu huanikwa majamvini ili zikauke juani.

Tumechagua mahali hapa kwa sababu tunataka kuzungumza juu ya wanafalsafa. Pengine msomaji atashangaa. Wengi wetu tunadhani falsafa ni mambo ya seminarini na vyuo vikuu, maneno magumu ya watu waliokuwa na nafasi ya kukaa na kuwaza. Lakini mawazo nayo husafiri. Huandikwa vitabuni katika nchi moja, hufasiriwa katika nchi nyingine, na mwisho huonekana shambani na jikoni, katika namna mtu mmoja anavyomwita mwenzake na anavyomlipa. Swali tunalotaka kulifuata leo ni moja tu: je, binadamu anaweza kuwa chombo cha binadamu mwenzake?

Neno la Aristotle

Aristotle, Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, ni mmoja wa walimu wakubwa wa akili ya binadamu. Mt. Thoma wa Akwino alimheshimu kiasi cha kumwita kwa jina moja tu, "Mwanafalsafa". Hata hivyo, katika kitabu chake kiitwacho Siasa, Aristotle alifundisha kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai. Nahodha, alisema, ana usukani, ambao ni chombo kisicho na uhai, na ana mtu wa kuangalia mbele ya chombo, ambaye ni chombo chenye uhai. Akaendelea kusema kwamba wako watu ambao kwa maumbile yao wamezaliwa wawe watumwa, kwa kuwa wana nguvu za mwili lakini akili yao haitoshi kujiongoza wenyewe.

Tuwe waadilifu kwake. Aristotle mwenyewe alikiri katika kitabu hicho hicho kwamba wako watu wa wakati wake waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile na kwamba umewekwa na sheria na nguvu tu. Alijua, basi, kwamba lipo jibu jingine. Tena wosia wake, kama ulivyohifadhiwa na waandishi wa kale, uliagiza baadhi ya watumwa wake waachwe huru. Hapo tunajifunza jambo la kwanza: mtu mwenye akili nyingi anaweza kuyatetea mazoea ya nyumba yake kwa hoja nzuri, hasa pale mazoea hayo yanapomfanya akae kwa raha.

Wazo linaifikia pwani yetu

Wazo hilo halikubaki Ugiriki. Vitabu vya Aristotle vilifasiriwa kwa Kiarabu, na katika karne ya 11 mwanafalsafa na tabibu mkubwa Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara na kufariki mwaka 1037, aliandika kwamba wako watu ambao ni watumwa kwa maumbile kwa sababu ya hali ya hewa ya nchi zao. Alitoa mifano miwili: Waturuki na Wazanji. Wazanji ndio watu wa pwani hii ya Afrika Mashariki. Ibn Sina hakufika kwetu kamwe. Hakumwona mkulima wa kwetu akichagua mbegu, wala baharia akisoma nyota. Alipokea wazo, akalivika watu ambao hakuwajua.

Wala tusifikiri kwamba hayo ni makosa ya wenzetu peke yao. Mwaka 1452 Papa Nikolasi V alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani watu aliowaita Wasaraseni na wapagani. Miaka 100 hivi baadaye, katika mjadala wa Valladolid nchini Hispania mwaka 1550 na 1551, msomi Mkatoliki Juan Ginés de Sepúlveda alimtumia Aristotle yule yule kudai kwamba wenyeji wa Amerika wamezaliwa kutawaliwa. Askofu Bartolomé de las Casas, Mdominikani, alimpinga kwa nguvu zote. Lakini hata huyu Las Casas, katika miaka yake ya awali, alikuwa ameshauri Waafrika wapelekwe Amerika kuwapunguzia wenyeji mzigo, jambo alilolijutia baadaye. Kosa la kumfanya mtu chombo halina dini moja wala rangi moja. Linakaa popote penye mwenye nguvu na mwenye haja.

Tufani ya mwaka 1872

Sasa turudi Pemba, tuone jinsi wazo na haja vinavyokutana. Mkarafuu uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said aliuhimiza upandwe kwa wingi. Mashamba makubwa ya wakati huo yalitegemea kazi ya watumwa walioletwa kutoka bara. Mwezi Aprili 1872 tufani kubwa iliikumba Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wakaitazama Pemba kwa macho mapya. Tangu hapo Pemba imeendelea kuwa ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi katika visiwa hivi.

Hatima ilikuwa chungu. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Yaani haja ya watu wa kufanya kazi Pemba ilikuwa inaongezeka wakati ule ule sheria ilipokuwa ikiifunga njia ya kuwapata. Watu wakaendelea kupitishwa kwa magendo, kwa majahazi, usiku, kutoka pwani ya bara. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa meli ya Kiingereza London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulikagua jahazi lililokuwa na watumwa. Jahazi hilo lilikuwa limepandisha bendera ya Ufaransa, nchi iliyokuwa ikiwatuma mapadre wamisionari katika pwani hii hii. Bendera ya nchi ya Wakristo ilifunika watu waliofungwa.

Tunasema haya bila kumnyoshea kidole jirani yeyote. Wapemba wengi walikuwa wakulima wa kawaida wenye mashamba yao madogo, na dini ya Kiislamu inahesabu kumwacha huru mtumwa kuwa tendo jema lenye thawabu. Wala Kanisa letu halikuwa nje ya jambo hili. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Zanzibar mwaka 1863 na kufungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watoto kwa kuwanunua. Walifanya hivyo kwa huruma ya kweli, lakini watoto hao walikulia katika kazi za shamba na karakana, kwa ratiba ya kengele, na hata walipooa waliishi katika vijiji vilivyosimamiwa na misheni. Kumtoa mtu katika mikono mibaya ni jambo moja. Kumwachia maisha yake ayaongoze mwenyewe ni jambo jingine.

Sauti zilizokataa

Tungekuwa tunawaonea wanafalsafa kama tungeishia kwa Aristotle. Zipo sauti nyingine, nazo ndizo tunazotaka kuzichukua nyumbani.

Ya kwanza ni ya Epictetus, aliyezaliwa mtumwa katika karne ya kwanza na akawa mwalimu wa falsafa aliyesikilizwa na wakubwa wa Roma. Maisha yake peke yake yanatosha kuiangusha hoja ya mtumwa kwa maumbile.

Ya pili ni ya Mt. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4. Katika hotuba yake juu ya Kitabu cha Mhubiri aliwauliza wenye watumwa: mmeweka bei gani juu ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu? Kama dunia yote haitoshi kuwa thamani ya nafsi moja, hati ya mauzo imeandikwa kwa hesabu gani? Katika maandishi ya zama zile si rahisi kupata shambulio lililo wazi kuliko hili.

Ya tatu ni ya Mt. Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Thoma hakuukataa utumwa wote, na tusimpambe kwa sifa isiyo yake. Lakini aliuwekea mpaka. Katika Summa Theologiae alifundisha kwamba mtumwa humtii bwana wake katika kazi tu. Katika yale yanayohusu maumbile ya mwili, kama vile chakula chake na kuoa au kutooa, hana wajibu wa kumtii binadamu, kwa kuwa katika mambo hayo watu wote ni sawa.

Ya nne ni ya Immanuel Kant, Mjerumani. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 aliandika kwamba kila kitu kina ama bei ama heshima. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani sawa, lakini binadamu hana wa kubadilishana naye. Kwa hiyo tusimtumie mtu yeyote kama njia tu ya kupata mahitaji yetu. Tuliangalie sana neno hilo "tu". Kant hakukataza kutumiana. Sisi sote tunatumiana kila siku: tunamhitaji dereva, fundi, mwalimu, daktari. Uovu huanza pale ambapo, kazi ikishatolewa, hatuoni tena kwamba amebaki mtu.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili. Kutokana na kitenzi kimoja, kutuma, tumepata maneno mawili yaliyo mbali sana: mtumwa na mtume. Wote wawili wametumwa. Mmoja ametumwa kama chombo, mwingine ametumwa kama mtu mwenye jina na ujumbe. Wahenga nao wamesema, mtu ni utu.

Uhuru wa mwaka 1897

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoufuta utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Tungependa kusema kwamba siku hiyo watu wote walikuwa huru, lakini haikuwa hivyo. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Fidia ilitolewa kwa bwana, si kwake. Tena aliyeachwa huru alitakiwa kuonyesha kwamba ana makao na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria hawakuhusishwa na amri hiyo. Walisubiri mpaka amri ya mwaka 1909.

Huko Pemba, aliyewekwa kuwa kamishna wa shughuli hiyo alikuwa J. P. Farler, kasisi wa Kianglikana aliyewahi kuwa mmisionari Magila, bara. Mwaka huo huo wa 1897 Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, maarufu kama Quaker, walifungua kazi yao kisiwani wakiongozwa na Theodore Burtt, na wakaanzisha shamba la Banani ambapo walioachwa huru waliweza kuishi na kufanya kazi ya malipo. Hata hivyo, wengi walibaki katika mashamba yale yale, wakipalilia mikarafuu ya bwana wa zamani ili waruhusiwe kupanda muhogo wao chini yake. Hawakufungwa minyororo. Walikosa pa kwenda.

Wapendwa, hapo ndipo historia hii inapotugusa. Uhuru ambao mtu hana nauli ya kuutumia ni uhuru wa karatasi.

Nyumbani mwetu leo

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba makubwa ya Zanzibar yalitaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Leo mikarafuu ya Pemba ni ya familia nyingi na ya serikali, na mchumaji ni mtu huru anayelipwa kwa kadiri anavyochuma. Wambaa pia ina hoteli ya kitalii ufukweni, ambako kijana huvaa sare na kumhudumia mgeni aliyetoka mbali. Kazi hizi ni za halali na zina baraka. Lakini swali la Aristotle halijazeeka, wala halihusu Pemba peke yake. Tunapendekeza tulipime kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni cha Mt. Thoma: mpaka. Katika nyumba zetu nyingi yupo msichana wa kazi, pengine ametolewa Iringa au Singida kwa ahadi ya mshahara na cherehani. Tuna haki ya kumwambia afue na apike. Je, tunayo haki ya kumwamuru ale mwisho, ale makombo, alale jikoni, aamke saa kumi na alale saa sita usiku, asiende kanisani au msikitini? Thoma angetuambia kwamba hapo tumevuka mpaka ambao hata bwana wa zama zake hakuruhusiwa kuuvuka. Mwili wa mtu huyu na sala yake si sehemu ya mkataba. Sheria za kazi za Tanzania Bara za mwaka 2004 na za Zanzibar za mwaka 2005 zinatambua haki ya mfanyakazi kupumzika na kupata likizo. Inasikitisha kama sheria ya serikali itakuwa na huruma kuliko meza ya Mkristo.

Kipimo cha pili ni cha Kant: bei na heshima. Kilo ya karafuu ya Wambaa inaweza kubadilishwa na kilo nyingine yenye ubora ule ule, na mnunuzi hatapoteza kitu. Lakini kijana akianguka kutoka juu ya mkarafuu na kuvunjika mgongo, hakuna kijana mwingine atakayeletwa kwa mama yake akasema, sasa tumelingana. Ndiyo maana tunaliona kuwa jambo la heshima kwamba Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar, ZSTC, limewahi kutoa fidia kwa walioanguka mikarafuuni. Fidia hiyo si bei ya mguu wala ya mgongo. Ni kukiri kwamba aliyeanguka ni mtu wetu. Je, sisi, fundi wetu akianguka kutoka paa la nyumba tunayojenga, tunauliza kwanza hali yake, au tunauliza kazi itakwisha lini?

Kipimo cha tatu kinatoka katika historia yenyewe ya mwaka 1897: uwezo wa kuondoka. Wapo waajiri wasiompa msichana mshahara wake mkononi, wakisema, "Tunakutunzia, utachukua ukienda kwenu." Miezi inapita. Simu yake imewekwa kabatini kwa mama mwenye nyumba. Siku akitaka kuondoka, hesabu zinaanza: sahani aliyovunja, dawa alizonunuliwa, nauli iliyomleta. Huyu hana mnyororo, kama walivyokuwa wale wa mashamba ya Pemba baada ya amri ya Sultani. Anakosa nauli tu. Kama mtu anakaa kwetu kwa sababu hawezi kuondoka, tusijisifu kwamba anatupenda. Mshahara wake ukiwa mkononi mwake, na akabaki, hapo tutajua kwamba amechagua.

Tusisahau pia kwamba Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa mwaka 1839, na Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili mwaka 1888 juu ya kukomeshwa kwa utumwa. Leo XIII huyo huyo, mwaka 1891, aliandika Rerum Novarum juu ya haki za wafanyakazi na ujira wa haki. Hati mbili hizo zinatoka katika moyo mmoja. Yeye aliyeukataa utumwa aliona kwamba kazi haijaisha mpaka ujira nao uwe wa haki.

Basi, juma hili tusiwe na mengi. Kila mmoja wetu amchague mtu mmoja anayemfanyia kazi: wa jikoni, wa shambani, wa getini, wa dukani. Ajiulize: ninalijua jina lake kamili? Amelipwa mwezi uliopita, mkononi mwake? Akitaka kwenda kwao kesho, anaweza? Jibu likiwa hapana, tusingoje Kwaresima. Deni la mshahara lilipwe Jumatatu.

Mungu aliyemuumba kila mtu kwa sura yake atujalie macho ya kumwona mtu pale tulipozoea kuona mkono unaofanya kazi. Amina.